Mshipi wa Mama Mkwe

Mkwe wangu hajawahi kunitazama usoni. Si kwamba ana jeuri. Kwa watu wa kwao, bara huko, mwanamume hamtazami mama wa mkewe, hali naye sahani moja, hapokei kitu mkononi mwake, na akimkuta njiani anaingia vichakani kumpisha. Kabila silitaji, maana watu wa mjini wakishasikia kabila wanaacha kusikiliza na kuanza kucheka. Hapa kwetu Mbezi Beach vichaka vimekwisha, zimebaki kuta za watu, kwa hiyo akinikuta getini aligeukia ukuta na kunipa shikamoo akiwa anautazama huohuo ukuta. Majirani walidhani tumegombana.

Mimi nimezaliwa Temeke, kwa baba Mwarabu mwenye duka. Siku alizofunga mapema alinichukua kuvua, na wenzake walipomuuliza mtoto wa kike anapelekwa wapi, aliwajibu kwamba samaki hawaulizi. Kwake yeye kifaa chote cha kuvulia, fimbo, uzi na ndoana, kilikuwa na jina moja tu: mshipi. Lete mshipi, osha mshipi, huu mshipi wa nani. Binti yangu na wenzake wanasema rodi, nami nawaacha waseme, ila mdomo wangu haujazoea.

Kayaki niliinunua hoteli moja ya huku ufukweni ilipofunga na kuuza vitu vyake. Ni ya plastiki, rangi ya chungwa, ya watu wawili wanaokaa mmoja nyuma ya mwingine. Mtaa mzima unaiita beseni. Mjane wa umri wangu kushinda baharini ndani ya beseni ni jambo lililosemwa sana, hasa na dada zangu, mpaka nilipoanza kuwapelekea changu wa kukaanga. Hapo wakanyamaza.

Shida ya kayaki ni kwamba kila kitu ndani yake kinataka kuondoka. Mshipi wangu wa kwanza uliondoka na samaki. Wa pili niliupiga kiwiko mwenyewe nikiwa nageuka kuchukua maji ya kunywa, nikautazama ukizama taratibu hadi usionekane. Nililia, sioni aibu kusema. Ndipo nikatengeneza kamba. Nilichukua zile nyaya za kujisokota za simu za mezani, ambazo fundi mmoja wa Tabata alikuwa nazo chungu nzima na hajui azifanyie nini, nikapitisha ndani yake uzi wa nailoni wa kushonea viatu, na kila ncha nikatia klipu ya chuma. Ncha moja inakaa siku zote kwenye pete iliyo nyuma ya kiti changu. Ncha ya pili inabanwa kwenye mpini wa mshipi, unaosimama ndani ya tundu lake hapohapo nyuma yangu. Mishipi miwili, kamba mbili. Nilizifanya fupi, kama kutoka kiwiko hadi vidole, zisije zikasokotana. Mshipi ukiruka unaning'inia pembeni, unauvuta, unaendelea na kazi yako.

Sasa niseme kwa nini nilimpeleka mkwe baharini. Yeye ni mfamasia, na alikuwa amepata uhamisho wa kwenda mkoani kwao. Alitaka kuondoka na mkewe na mtoto wao. Binti yangu ndiye mtoto pekee niliyejaliwa, na mjukuu ndiye anayenifanya niamke. Binti akaja kuniomba radhi. Mjini watu wanahama bila kuaga siku hizi, lakini binti yangu nimemlea, anajua kwamba safari isiyo na radhi ya mama ni safari ya kujitafutia balaa. Nikamwambia siwezi kumtolea radhi mtu ambaye miaka yote hii nimeona kisogo chake tu. Kama huyo bwana anataka kuwapeleka mbali wanangu, kwanza nimjue. Aje tukavue.

Nilijua hawezi kukataa, kwa sababu kwao mama mkwe akiagiza, anatii. Binti alinieleza baadaye kwamba mumewe aliuliza kwanza ile kayaki watu wanakaaje. Aliposikia kwamba wanakaa mmoja mbele, mwingine nyuma, na wote wanatazama mbele, alishukuru Mungu.

Alikuja asubuhi amevaa soksi. Soksi, za kwenda baharini. Alikuwa tayari amevaa jaketi la kuelea na amelifunga vifungo vyote tangu nyumbani, kwa maana hajui kuogelea. Na mimi nikavaa langu, lile lenye mkanda mpana kiunoni, nikakaa mbele. Mishipi ilikuwa imesimama kwenye matundu yake, kamba zinaning'inia. Kwa kuwa mkono wangu siku hizi haufiki nyuma vizuri, nikamwambia bila kugeuka, ili nisimtie aibu, "Mwanangu, hizo kamba mbili hapo nyuma yangu, zifunge kwenye mshipi."

"Kwenye mshipi, mama?"

"Kwenye mshipi. Zote mbili. Zibane vizuri, maana zikiachia nimepoteza."

"Sawa, mama."

Nikasikia klipu ya kwanza ikilia, kisha ya pili. Tukasukuma, tukaondoka.

Yalikuwa maji mafu, zile siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, na asubuhi hiyo hata upepo haukuwepo. Ukungu ulikuwa umeshuka, mweupe, na bahari chini yake nyeupe vilevile, kiasi kwamba sikuona mahali vinapokutana. Mimi hujua nilipo kwa alama: bomba la kiwanda kule Wazo likikaa juu ya paa la makuti la hoteli, najua nipo kwenye mwamba wa samaki. Siku hiyo bomba halikuwepo, wala paa. Nikapiga kasia kwa kubahatisha. Kilichonisumbua zaidi ni ukimya. Ufukwe wetu hauna ukimya; kuna muziki wa baa, kuna pikipiki, kuna watu wanaofanya mazoezi wakipigiana kelele. Tulikuwa karibu tu, na nilikuwa sisikii hata mbwa.

Nikatupa ndoana zote mbili, nikairudisha mishipi nyuma kwenye matundu yake kwa kupapasa, wala sikukumbuka kuzikagua kamba. Hilo mkono wangu unaliweza bado. Kubana klipu ndiko kunakonishinda. Mkwe alikuwa kimya. Nilijaribu kumzungumzisha juu ya kazi yake, juu ya nyumba watakayopanga huko, na yeye alijibu kwa adabu, maneno machache, sauti ikitoka karibu sana na shingo yangu. Ni jambo la ajabu kuzungumza na mtu asiyeonekana. Baada ya muda nikaona afadhali ninyamaze.

Ndipo nikasikia, "Mama."

Sauti ilitoka nyuma. Sisi watu wa pwani tumefundishwa tangu utotoni kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Nacheka ninapowafundisha wajukuu wa dada zangu, lakini mwenyewe siitiki. Nikakaa. Sauti haikurudi. Mwishowe nikamuuliza mkwe kama ameniita.

"Sikuita, mama," akasema. "Nimesikia tu ukiitika."

Mimi sikuwa nimeitika. Sikumwambia hivyo. Nilijiambia kwamba ukungu unacheza na sauti, kwamba labda kuna kina mama ufukweni wanaitana, na nikaanza kusoma aya ninazozijua kimoyomoyo. Nilitaka kugeuka nimtazame. Nilitaka kuona kwamba aliyekaa nyuma yangu ndiye yule niliyeondoka naye, mwenye soksi. Lakini kugeuka ni kumtazama usoni, na kumtazama usoni ni kumvunjia heshima, basi nikajizuia.

Halafu nikahisi navutwa kiunoni. Nilikuwa nimeinama mbele kuteka maji yaliyoingia miguuni, na kitu kikanizuia, kwa upole, kama unavyomzuia mtoto asiende barabarani. Nikakaa wima, kikaachia. Nikainama tena, kikanishika tena. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: maskini mkwe wangu amejaa hofu ya maji na ameshika mkanda wa jaketi langu bila kujua anafanya nini. Mtu ambaye hathubutu kupokea kikombe mkononi mwangu! Nilimwonea huruma kweli. Nikaona nikimwambia nitamfedhehesha, na hatakanyaga tena kwangu. Kwa hiyo nikanyamaza, nikaacha kuinama.

Ukiniuliza leo, nitakwambia adabu ndiyo ilitaka kuniua. Yake na yangu, zote mbili.

Mshipi wa kushoto ukalia. Lile gurudumu la uzi likapiga yowe, fimbo ikapinda, kisha ikachomoka tunduni ikapita karibu na sikio langu na kuingia majini. Sikuwa na wasiwasi. Kamba ipo. Nikangoja kamba inyooke, mshipi uning'inie kama kawaida. Haukuning'inia. Niliuona ukienda chini ya maji meupe, umelala, hauna haraka, kama kitu kinachobebwa. Nikasahau ukwe, nikasahau kila kitu, nikajitupa ubavuni kuudaka, na kiuno changu kikabaki palepale kitini. Kayaki ikalala upande, na ikapinduka.

Chini ya maji kulikuwa na rangi ya kijani, na kimya kilekile cha juu. Jaketi lilinisukuma kwenda juu na juu yangu kulikuwa na kayaki. Nikajisukuma pembeni nitoke, nikarudishwa. Nikajisukuma tena, nikarudishwa. Sasa mshiko haukuwa wa upole. Nilitafuta kifungo cha mkanda mbele nikakipata, lakini kilikuwa kimekazwa na mvuto, vidole havikuweza kukibana. Niliona miguu ya mkwe upande wa pili, soksi nyeupe zinapiga maji. Nikajua kwamba nakufa, na nikamkasirikia sana binti yangu kwa kuolewa mbali. Hilo ndilo lililonijia, si shahada.

Kisha nikahisi mikono. Ilinijia kutoka nyuma, miwili, mmoja kila upande wa kiuno. Haikuwa na papara. Ilitulia kwanza, nikahisi vidole vyote, vya baridi kuliko maji, halafu ikateremka kwenye mkanda kwa uangalifu, kama mama anayemfungua mtoto nguo za shule. Mshiko ukaachia kushoto na kulia kwa pamoja. Nikatoka.

Nilipopata pumzi nilimwona mkwe. Alikuwa ng'ambo ya kayaki iliyopinduka, amelala juu yake kwa kifua, macho ameyafumba, midomo inacheza. Alikuwa anasali sala za dini zote mbili, ile aliyozaliwa nayo na ile aliyoingia ili amuoe binti yangu. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake wote. Nilishangaa ulivyo mchanga.

"Umenifungua wewe?" nikamuuliza.

Hakufumbua macho. "Mimi sikukushika, mama."

Tulielea hivyo, tumeishika kayaki huku na huku, mpaka miguu yetu ikagusa mchanga. Tulikuwa karibu na ufukwe kuliko nilivyodhani. Ukungu ukaanza kuinuka na bomba la Wazo likatokea, mahali tofauti kabisa na pale nilipokuwa nalitazamia. Tulipoipindua kayaki sawasawa, mishipi yote miwili haikuwepo, na kamba zangu zilikuwa zinaning'inia kwenye pete, klipu zake tupu. Nikamuuliza alikuwa amezifunga wapi. Akageuka upande, akajigusa kiunoni mwake mwenyewe.

"Ulisema kwenye mshipi, mama."

Kwao mshipi ni huo wa kiunoni. Kanisani kwa bibi yake walikuwa wakisomewa habari za watu wanaojifunga mshipi, na hajui mshipi mwingine. Dini alibadili, Kiswahili hakubadili. Alikuwa amezibana kamba zote mbili nyuma ya mkanda wangu, bila kunigusa, akijiuliza kwa nini mama mkwe anataka kufungwa kitini, na akaona si mahali pake kuuliza. Nilicheka hadi nikakaa mchangani. Kicheko hakikudumu.

Kwa sababu lile neno lake halikuniacha. Mimi sikukushika. Basi, kama hakunishika, alibaki ameikumbatia kayaki huku mimi nimefungwa chini yake, na kilichonifungua ni kitu kingine. Nitampaje mtu huyo binti yangu na mjukuu wangu wakaishi siku mbili za basi kutoka kwangu? Na kama alinishika, mbona aape uongo mbele ya mtu aliyemwokoa? Binti alimuuliza kwa niaba yangu, kwa upole, kisha kwa ukali. Jibu likawa lilelile. Nikamwambia binti kwamba radhi sina. Alilia kwenye simu, akasema, "Mama, mie utanikata katikati," na mimi nikakata simu kabla sijalia mwenyewe.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Nilikuwa dukani kwangu mchana kweupe, nimenyoosha mkono juu rafuni kumpa mteja dawa ya mbu, nikahisi vidole vimekaa kiunoni. Havikushika. Vilikaa tu, kama vinasubiri niseme nimemaliza. Niligeuka kwa haraka hadi mteja akarudi nyuma. Nikawa navaa mtandio umekazwa kiunoni, hata nikipika. Kayaki niliifunika kwa turubai nyuma ya nyumba. Watu wakaniuliza kulikoni sivui, nikasema mgongo.

Alasiri moja akaja mjomba wa mkwe, anayekaa Tabata, mtu mzima mwenye kofia ya pama. Alisimama nje ya geti akiwa na mbuzi mweupe kwenye kamba, akakataa kuingia mpaka nimpokee mbuzi. Nilimwambia mimi sikuagiza mbuzi. Akasema anajua, na akaomba nimsikilize huku yeye akiwa pale pale. Akaeleza kwamba kwao mwanamume akiugusa mwili wa mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kumwokoa, halitamki jambo hilo kwa mama mkwe, wala kwa mkewe. Akiulizwa anakana. Analipeleka kwa wazee, na wazee ndio wanaolisema, wakiwa na mbuzi. Hadi mbuzi apokelewe halali kitanda kimoja na mkewe. Mkwe wangu alikuwa analala kwenye kochi tangu siku ile, na binti yangu alidhani ni hasira.

Sikumbuki nilipoishika kamba ya yule mbuzi. Nilijikuta nimeishika na nimeegemea nguzo ya geti, machozi yanashuka. Kwa hiyo alinishika. Yule mtoto asiyejua kuogelea aliteremsha mkono wake chini ya maji, mahali asipoona, akagusa kile alichofundishwa tangu utotoni asikiguse, na kisha akakubali niseme aliniacha nife. Nikampigia binti yangu palepale, mjomba akiwa anasikia. Nikamwambia waende, wote watatu, radhi yangu wanayo, mbele na nyuma yao. Akasema, "Ahsante, mama," kwa sauti ya alipokuwa mdogo. Nyumba ilikuwa itabaki tupu na nilikuwa na furaha.

Mjomba alikubali chai, akainywa amesimama. Nikamwambia amfikishie mkwe wangu shukrani, kwamba sitaisahau mikono yake.

"Mkono," akasema mjomba, kwa adabu, akinirekebisha. "Ametuapia wazee. Wa kulia ulishika boti tangu mlipopinduka, hakuuachia hata nukta, hajui maji huyu. Alikushika kwa wa kushoto tu, upande mmoja, akabana klipu moja ikaachia. Ndiyo maana mbuzi ni mmoja. Ingekuwa mikono miwili, tungeleta wawili."

Aliweka kikombe juu ya ukuta, akaniuliza kama nimeridhika. Nikamjibu nimeridhika. Nilitaka kumwambia kwamba amebaki mbuzi mmoja, ila sikujua tukamdai nani.